Vyombo vya Kutengenezea Mabomba Nyumbani

Koki inayovuja tone moja kila sekunde hudondosha matone 86,400 kwa siku. Tukikadiria kuwa matone 20 ni mililita moja, tutapata lita 4.3 kwa siku, na karibu lita 130 kwa mwezi. Hizo ni zaidi ya ndoo sita za lita 20. Katika vilima vya Muleba, nyumba nyingi zimo juu migombani na chemchemi zimo chini bondeni. Mtoto anayepandisha ndoo ya kilo 20 kichwani anaijua hesabu hii bila kalamu. Mjini Bukoba nako, maji yanayovutwa kutoka Ziwa Victoria hupita katika mita kabla ya kufika nyumbani. Basi kila tone hulipiwa. Kwa hiyo naona yafaa kila nyumba yenye bomba iwe na vyombo vifuatavyo.

Kwanza, ijulikane valvu ya kufungia maji iko wapi. Kila mtu wa nyumbani, hata mdogo, aweze kuifunga. Bomba likipasuka usiku, valvu hiyo ndiyo itakayookoa magodoro na magunia ya kahawa.

Pili, spana yenye mdomo wa kupanuliwa na kubanwa. Hii ni ya kufungulia nati za koki. Likizo iliyopita niliitumia nyumbani kwetu Muleba kubadili washa. Nilifunga valvu, nikafungua koki ili maji yaliyobaki yatoke, kisha nikafungua nati na kutoa kiini cha koki. Washa ya raba ilikuwa imelika upande mmoja. Nikatia mpya ya kipimo kile kile, nikakaza. Kazi yote haikuchukua nusu saa.

Tatu, spana mbili za bomba, zile zenye meno. Moja hushika bomba lisizunguke, ya pili hukaza au kulegeza. Anayetumia moja tu hukaza kiungo kimoja na kulegeza kingine ndani ya ukuta.

Nne, msumeno wa chuma na tupa. Meno ya msumeno yaelekee mbele, kwa maana hukata unaposukumwa. Ukisha kukata, sugua kingo kwa tupa. Chembe za chuma zikibaki ndani huziba maji na kuharibu washa.

Tano, futi ya tepu, bisibisi, na utepe mweupe wa kuzungushia hesi. Uzungushe utepe kuelekea upande ambao kiungo hukazwa, la sivyo utajikunja na kutoka.

Huenda msomaji akauliza: yawezekanaje koki iliyonunuliwa Bukoba leo ikubali bomba lililofungwa Muleba miaka mingi iliyopita? Sababu ni kipimo kimoja cha hesi. Mwaka 1841 mhandisi Mwingereza, Joseph Whitworth, alipendekeza meno ya hesi yote yawe na pembe ya digrii 55, na hesi za mabomba yetu ya chuma hufuata pembe hiyo hadi leo. Bomba la nusu inchi lina meno 14 kwa kila inchi. Lakini ukilipima kwa nje utapata yapata milimita 21, maana jina hilo latokana na tundu la ndani. Kwa hiyo ni salama kwenda dukani na kipande cha zamani mkononi.

Kufunga mabomba mapya kwahitaji zaidi: jiliwa, dai ya kukatia hesi, na kwa mabomba ya plastiki, gundi au pasi ya kuunganishia kwa moto. Hiyo ni kazi ya fundi. Vilevile bomba lililo kabla ya mita ni la mamlaka ya maji. Tusiliguse, bali tutoe taarifa.

Haba na haba hujaza kibaba, na koki inayovuja hukimwaga kwa mtindo huo huo. Washa ni kitu kidogo, cha bei ndogo. Likizo ijayo, kila mmoja wetu, mvulana kwa msichana, atazame koki za kwao.