Vitamini A na Mbegu za Mwanamume



Huku kwetu Nyeri, nyumba ikikaa miaka mitatu bila mtoto, wa kwanza kuulizwa ni mama. Ataitwa thaata, atanyweshwa mitishamba, na bwana atashauriwa aoe mwingine. Bwana mwenyewe hapimwi. Kumbe katika karibu nusu ya nyumba zenye shida hii, mwanamume naye ana sehemu yake. Kwa hiyo leo tunajifunza jinsi mbegu za kiume zinavyotengenezwa.

Vitamini A wengi wetu tunaijua kliniki, ile dawa ambayo watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa kila miezi 6. Tunasema ni ya macho. Lakini mwaka 1925 wataalamu wawili wa Marekani, Wolbach na Howe, waliwanyima panya vitamini hii. Korodani za panya zilinywea na mbegu zikakoma.

Sababu ilichukua miaka mingi kueleweka. Vitamini tunayokula huwekwa akiba kwenye ini, kisha damu huibeba hadi korodani. Kule, seli zinazolea mbegu huigeuza kuwa asidi ya retinoiki. Asidi hii ndiyo inayotoa amri seli changa zianze kukomaa. Amri isipotoka, seli zipo lakini zinakaa tu, kama mahindi yaliyopandwa kwa udongo mkavu. Kutoka mwanzo hadi mbegu kukamilika ni kama siku 70, kwa hiyo mabadiliko ya leo huonekana baada ya karibu miezi mitatu.

Hata kwa binadamu jambo hili limeonekana. Miaka ya 1960 ilipoanza, dawa iliyoitwa WIN 18,446 ilijaribiwa kwa wafungwa huko Marekani (jambo ambalo leo tungelipinga). Mbegu zao zilipotea, na walipoacha dawa zikarudi. Lakini waliokunywa pombe kwa siri waliugua vibaya. Baadaye ilijulikana kwa nini. Dawa ilizuia vimeng'enya, yaani vile vifanyakazi vidogo vya mwili, vinavyotengeneza ile asidi. Na vile vinavyoondoa sumu ya pombe mwilini ni ndugu zao, vikazuiwa pamoja.

Hapa tuambiane ukweli. Kwa vikundi vyetu pombe huzungumzwa kama shida ya pesa na vita vya nyumbani. Pia ni shida ya uzazi. Pombe nyingi ya miaka na miaka humaliza akiba ya vitamini A kwenye ini, na hushusha homoni ya kiume. Mama atapika mboga vizuri namna gani, kama mzee analala kwa chang'aa?

Hata hivyo sahani nayo tuiangalie. Waru, mahindi meupe na maharagwe hushibisha, lakini vitamini A karibu hamna. Ongezeni terere, managu, majani ya malenge, karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na mtie mafuta kidogo kwa sababu vitamini hii huingia mwilini pamoja na mafuta. Mayai, maziwa na ini pia zinayo. Vidonge msijinunulie tu: vikizidi huumiza ini, na kwa mama mjamzito humdhuru mtoto aliye tumboni.

Wala tusidanganyane, karoti haizibui mirija iliyoziba, wala haiponyi mishipa iliyovimba kwenye korodani. Mtu asimalize mwaka akila mboga na kungoja. Bwana na bibi waende hospitali pamoja, wote wapimwe. Bwana akae siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa kabla ya kupimwa. Manii yanatakiwa kufika maabara ndani ya saa moja, na ukitoka Naro Moru na matatu hadi Nyeri mjini, saa hiyo huenda ikaisha njiani. Afadhali ayatoe hapo hapo hospitalini, na aulize mapema ni siku gani wanapima.