Jordan Larson: Chuo Nyumbani, Ajira Ng'ambo

Kuna swali linalotunyima usingizi wanachuo wa mwaka wa mwisho: nikishavua joho, naelekea wapi? Nimeichagua safari ya Jordan Larson, mchezaji wa mpira wa wavu wa Marekani, kwa sababu inanifundisha kuhusu swali hilo kuliko semina nyingi za ajira nilizokaa.

Larson alizaliwa mwaka 1986 katika jimbo la Nebraska, akakulia Hooper, mji mdogo wa mashambani. Akajiunga na Chuo Kikuu cha Nebraska, na mwaka 2006 timu yao ikatwaa ubingwa wa vyuo. Huko mchezo huu si wa kupitisha muda. Mwaka 2023 watu 92,003 walijaa uwanjani kuwatazama wasichana wa chuo hicho wakicheza!

Sasa hebu tuangalie kilichomkuta. Alipomaliza chuo, Marekani haikuwa na ligi imara ya kulipwa ya wanawake ya mchezo huo wa ukumbini. Mashabiki walikuwepo, vipaji vilikuwepo, mwajiri ndiye hakuwepo. Basi akafunga mizigo. Alianzia Puerto Rico, akaenda Dinamo Kazan ya Urusi, kisha Eczacıbaşı ya Istanbul, Uturuki, na baadaye China. Mwaka 2015 aliiongoza Eczacıbaşı kutwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali hizo. Miezi ya klabu alikuwa ugenini akitafuta riziki, na kiangazi alirudi kuvaa jezi ya taifa.

Kwa nini klabu hizo zilimtaka? Ana urefu wa mita 1.88, na washambuliaji warefu kuliko yeye ni wengi. Lakini mshambuliaji wa pembeni ana kazi mbili: kupokea sevu, halafu sekunde chache baadaye kuruka na kupiga. Pokezi likiwa bovu, mpangaji wa mashambulizi hana chaguo, na wazuiaji wa upande wa pili wanajua mapema mpira unakwenda kwa nani. Larson anajulikana kwa pokezi safi na ulinzi. Ni kazi isiyopigiwa makofi, ila kocha yeyote anaijua thamani yake.

Matunda hayakuja haraka. Kwenye Olimpiki ya London 2012 alipata fedha, na Rio 2016 shaba. Dhahabu ilikuja Tokyo, Agosti 2021, akiwa na miaka 34: Marekani iliifunga Brazil seti 3-0, yeye akapiga pointi ya mwisho na kutajwa mchezaji bora wa mashindano. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya wanawake wa Marekani katika mchezo huo wa ukumbini. Paris 2024 akaongeza fedha nyingine.

Mwaka huohuo wa 2021 alicheza msimu wa kwanza wa ligi ya Athletes Unlimited, nyumbani Marekani. Yaani mwajiri wa nyumbani alifika zaidi ya miaka kumi baada ya chuo.

Wenzangu tunaohesabu siku za mahafali, mimi nachukua hili: Larson hakusubiri soko limfuate Nebraska. Kabla hujachapa barua yako ya kwanza ya maombi ya kazi, jiulize pokezi lako ni lipi, na nani, hata kama yuko mbali, analihitaji.