Ushirika wa Afya: Ya Kufanya na Yasiyofanywa

Group Health, ushirika wa afya wa Seattle, Marekani, ulianza kutibu watu mwaka 1947. Waliochangia ndio waliochagua bodi, na madaktari walilipwa mshahara. Chama cha madaktari cha eneo hilo kiliwabagua madaktari waliojiunga na Group Health. Ushirika ukaenda mahakamani, na mwaka 1951 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington ikaupa haki. Mwaka 2016 wanachama wakapiga kura kuukabidhi kwa shirika la afya la Kaiser Permanente, na 2017 makabidhiano yakakamilika. Wengi waliotibiwa humo hawakuwa hata wamejiandikisha kupiga kura. Kwa hiyo, ushirika unaotaka kubaki mikononi mwa wanachama uyashike haya.

JIANDIKISHE kupiga kura siku ileile unayolipa mchango wa kwanza. Mwenye kadi ya matibabu asiyekuwamo katika daftari la wapiga kura ni mteja tu.

USIJE mkutano mkuu kwa ajili ya posho.

BODI, PELEKENI MAKABRASHA MAPEMA. Pendekezo la kupandisha mchango, kufunga zahanati au kuungana na taasisi nyingine liwafikie wanachama kabla hamjaamua, si baada. Andikeni kwa lugha wanayoielewa: michango iliyokusanywa, gharama ya dawa na mishahara, na akiba iliyopo itatosha miezi mingapi. Mwanachama anayeulizwa "unakubali?" bila kuonyeshwa hesabu hajashirikishwa. Na kuwaita watu waidhinishe mkataba uliokwisha kusainiwa ni kuwadharau waliowachagua.

MSIFANYE siri ya kila kikao. Faili la mgonjwa na shauri la nidhamu la mtumishi vibaki ndani. Bei, zabuni na mikopo havina sababu ya kufichwa. Muhtasari ubandikwe zahanati, ukionyesha nani aliunga mkono na nani alipinga.

MSIMWAMURU daktari amtibu vipi mgonjwa. Kazi ya bodi ni sera, fedha na kumsimamia meneja. Vilevile mjumbe ambaye ni daktari au muuza dawa atoke chumbani linapojadiliwa malipo yake. Kunyamaza akiwa amekaa hakutoshi.

ULIZA, kisha ungoje jibu la maandishi. Malalamiko ya foleni ndefu na dawa zinazokosekana ni habari ambayo bodi haiwezi kuipata kwenye hesabu, nami nayaona kuwa mchango mkubwa kuliko makofi. Lakini usimpigie mjumbe wa bodi simu ili uruke foleni. Mama aliyebeba mtoto mwenye homa ana kura moja kama wewe.

USIMRUDISHE mjumbe kwa sababu ni jirani au shemeji yako. Angalia mahudhurio yake na kura alizopiga.

Kama ushirika wako haujaitisha mkutano mkuu mwaka huu, iandikie bodi barua leo uidai tarehe, na uwatafute wenzako waisaini pamoja nawe.