Somo la Afya: Mtende Hauna Moyo

Mwezi wa saba hapa Muaither mitende husimama juani kutwa nzima, na bado tende zinaiva. Maji yanapandaje hadi kileleni, na mti hauna moyo wa kuyasukuma?

Mizizi hufyonza maji, nayo hupanda ndani ya shina kwa mirija myembamba iitwayo zailemu. Juu, jua hukausha majani. Maji hutoka kama mvuke kupitia vitundu vidogo sana. Chembe za maji hushikana, kwa hiyo zinazotoka huvuta zilizo nyuma yake, mpaka chini mizizini. Jua lenyewe ndilo pampu! Sukari iliyotengenezwa na majani husafiri kwa mirija mingine, floemu, na ndiyo utamu wa tende. (Wanafunzi wetu wa mitihani, hizo mbili msizichanganye.)

Sisi tuna moyo. Mtu mzima ana damu kama lita 5, na akiwa ametulia moyo huizungusha yote kwa takriban dakika moja. Damu hubeba oksijeni kutoka mapafuni, chakula kutoka utumboni, na taka kupeleka kwenye figo. Mzigo tunaousahau ni joto. Damu hulitoa ndani na kulipeleka kwenye ngozi, nasi tunatoka jasho. Lakini maji ya jasho hilo yametoka kwenye damu hiyohiyo. Usipokunywa, damu hupungua, moyo hukimbia, na figo hupata kidogo.

Mtende ukizidiwa hufunga vitundu vyake ukasubiri jioni. Mwili wetu hauna mlango wa namna hiyo.

Kaka na dada zetu mnaolinda mageti, mnaopeleka chakula kwa pikipiki, mlioko ujenzini: tunajua wengine mnajinyima maji kwa sababu choo kiko mbali. Anayelipa ni figo, tena kimyakimya. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umeshachelewa kunywa. Kunywa kidogo kidogo kabla kiu haijaja.

Sheria pia iko upande wenu. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, kazi za nje juani hazifanywi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Tena kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo kikizidi nyuzi 32.1, kazi husimama saa yoyote. Hicho si kile cha kwenye simu, muulizeni msimamizi.

Mwenzako akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuzimia juani, piga 999 kwanza. Mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima huku mkimpepea, na barafu mkiipata iwekeni shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiyejitambua vizuri asinyweshwe kitu. Maji yataingia mapafuni.