Drili Nawe Uishike

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka kambi ya uhandisi, barua yako nimeisoma mara mbili. Mmepewa siku tano za kubuni na kuunda sanamu inayojongea. Wavulana wamejitwalia msumeno na drili, wewe umeachiwa brashi ya rangi. Halafu unaniuliza: hivi sanamu nayo ni uhandisi, au napoteza likizo?

Ni uhandisi, tena usio na pa kujificha. Alexander Calder, Mmarekani aliyezipa umaarufu sanamu za kuning'inia, alihitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1919. Vipande vyake vya bati huzunguka kwa kaupepo tu kwa sababu mizani imekaa sawa.

Leo usiku, kabla hujagombana na mtu, chukua spoku ya baiskeli. Upande mmoja tundika kitu cha gramu 30, wa pili gramu 20. Funga uzi sentimita 10 kutoka kwenye kizito, 15 kutoka kwenye chepesi. Itakaribia kutulia. Spoku yenyewe nayo ina uzito, kwa hiyo usogeze uzi kidogo kuelekea kwenye chepesi. Ikishatulia, hiyo ndiyo spoku ya chini kabisa ya sanamu ya kuning'inia. Nyingine zipande juu yake. Mimi enzi zangu nilianzia juu. Kila nilichoongeza chini kiliharibu nilichokwisha kusawazisha, na saa tano usiku nilikuwa nalia katikati ya vifuniko vya soda.

Kama sanamu yenu ni ya kuzungusha kwa mkono, adui ni msuguano: tundu likibana, hakuna kitakachocheza. Jaribuni kwanza kwa boksi. Theo Jansen wa Uholanzi, ambaye tangu 1990 anaunda "wanyama" wa mabomba ya plastiki wanaotembea ufukweni kwa upepo, urefu wa vipande vya miguu yao aliusaka kwa kompyuta. Hakubahatisha.

Kuhusu hao wavulana, usiwahutubie. Asubuhi itundike spoku yako dirishani, ipulize, waache watazame. Kisha sema, "Leo natoboa mimi, nani atanishikia mbao?" Wakigoma, mweleze mwalimu wa kambi, huo si umbeya. Miwani ya kinga uvae, nywele uzibane, ushungi uuchomeke vizuri.

Na rangi mpake wote, tena kabla ya kusawazisha mara ya mwisho. Rangi nayo ina uzito.