UMEME UKIKATIKA, KENGELE YA MOTO YA STOO YAKO INABAKI HAI?

Leo tunaweka pembeni mambo ya picha na matangazo, tuongelee mzigo wenyewe pale unapolala.

Duka letu ni simu, sawa. Lakini mzigo haulali kwenye simu. Umelala kwenye kachumba ulikopanga ghorofa ya pili ya jengo la biashara, au kona ya godauni mnayochangia watu sita. Maboksi, nailoni, nguo, viatu, mawigi, vyote vinashika moto haraka. Jengo likiungua saa nane usiku, mtaji wako umo humo, na oda za watu walioshalipia zimo humo pia. Yule mteja wa Mbeya aliyetuma hela jana atakupa pole, halafu atauliza mzigo wake uko wapi. Na ana haki.

Siku ya kuoneshwa chumba, dalali ananyoosha kidole darini: "Unaona vile? Vitambua moshi. Jengo hili lina kengele ya moto." Unaridhika, unalipa kodi ya miezi sita. Swali ambalo karibu hakuna anayeuliza ni hili: umeme ukikatika, hiyo kengele inaendeshwa na nini?

Jibu ni betri. Sasa twende taratibu.

1. MFUMO UNAVYOKULA UMEME

Vile vitambua moshi vya darini vimeunganishwa kwa nyaya mpaka kwenye boksi moja la ukutani, mafundi wanaliita paneli. Paneli inapokea umeme wa kawaida, inaushusha, mara nyingi mpaka volti 24. Umeme huo ndio unaendesha vitambua moshi na ving'ora, na hapohapo unachaji betri zilizo ndani ya boksi au pembeni yake.

Kwa kawaida betri ni mbili, za volti 12 kila moja, zile za kufungwa zisizoongezwa maji. Zinaunganishwa kwa kufuatana ili kupata volti 24.

Hapa wengi wanachanganya. Ukifuatanisha betri mbili zilizoandikwa Ah 7, volti ndiyo inaongezeka. Ah inabaki 7, haiwi 14. Ah ndiyo akiba ya chaji, kama ujazo wa dumu la maji. Fundi akikuambia "zipo mbili kwa hiyo muda ni mara mbili", mwambie arudie hesabu.

2. INATAKIWA IDUMU MUDA GANI

Viwango viwili vinavyotajwa sana na mafundi ni vya Uingereza (BS 5839) na Marekani (NFPA 72). Vyote vinaanzia saa 24 za kukaa macho bila umeme. Baada ya hapo betri iwe bado na nguvu ya kupiga king'ora: dakika 30 kwa Uingereza, na kwa Marekani dakika 5, au 15 kama mfumo unatangaza kwa sauti ya mtu. Kwa mfumo wa kulinda mali kwenye jengo linaloachwa bila watu, Waingereza wanaweza kutaka mpaka saa 72.

Saa 24 ni nyingi kwa masikio. Lakini subiri.

3. MENI SWICHI YA JIONI

Majengo mengi ya biashara yana tabia moja: jioni mlinzi au mwenye duka wa mwisho anashusha meni swichi. Nia ni nzuri, hitilafu ya umeme isianzishe moto usiku. Ila kama kengele ya moto imechukua umeme chini ya swichi hiyohiyo, umeizima nayo. Kuanzia dakika hiyo inaishi kwa betri tu. Kila siku.

Piga hesabu ya wikiendi. Mnafunga Jumamosi saa 12 jioni, mnafungua Jumatatu saa 2 asubuhi. Hizo ni saa 38. Betri iliyopimwa kwa saa 24 inaweza kuwa imekata Jumapili usiku, jengo likiwa tupu, na hakuna anayejua.

LUKU nayo ni hivyohivyo. Uniti zikiisha usiku na mita ni ya jengo zima, kengele imehamia kwenye betri bila mtu kuamua.

Dawa yake sio kuacha kushusha meni swichi. Dawa ni kengele ya moto iwe na laini yake peke yake, na breka yake yenye maandishi "KENGELE YA MOTO, USIZIME", isiyoguswa na swichi ya jioni. Kazi ya fundi umeme mwenye leseni, sio ya kujaribu mwenyewe.

4. HESABU NDOGO YA BETRI

Namba hizi ni za mfano tu, za jengo lako fundi atazipima. Tuseme mfumo ukiwa kimya unakula ampea 0.15, na ving'ora vikipiga unakula ampea 0.9.

Kwa saa 24:
0.15 × 24 = 3.6
King'ora nusu saa: 0.9 × 0.5 = 0.45
Jumla 4.05
Zidisha kwa 1.25, kwa sababu betri inapungua nguvu ikizeeka = 5.06
Betri za Ah 7 zinatosha.

Kwa saa 38 za wikiendi:
0.15 × 38 = 5.7
Ongeza 0.45 = 6.15
Zidisha kwa 1.25 = 7.69
Hapo Ah 7 haitoshi tena.

Jengo lilelile, betri zilezile, kilichobadilika ni tabia ya kuzima umeme tu. Na usikimbilie kununua betri kubwa kabla fundi hajaangalia kama chaja ya paneli inaiweza. Chaja ndogo kwenye betri kubwa ni kama kujaza simtanki kwa kikombe, asubuhi itakukuta haijajaa.

5. BETRI INAKUFA KIMYA KIMYA

Betri za aina hii wengi wanazibadilisha kati ya miaka 3 na 5. Joto linazimaliza mapema zaidi. Kanuni ya mafundi ni kwamba joto likipanda nyuzi 10 juu ya lile betri ilivyotengenezewa, maisha yake yanakatika karibu nusu. Sasa fikiria paneli iko chini ya bati, Dar, mwezi wa pili.

Ubaya ni kwamba betri mbovu inadanganya. Ukiipima bila kuibebesha mzigo, inaonesha volti nzuri tu. Ving'ora vikianza kupiga, inaanguka.

Mambo ya kukataa:
- Kubadilisha betri moja na kuacha nyingine ya zamani. Zinabadilishwa zote mbili, za aina moja.
- Kufunga betri ya gari. Ile imetengenezwa kuwasha injini, sio kukaa wiki nzima ikisubiri.
- Kuchomeka kamera au intaneti kwenye betri za kengele. Zinaila akiba.
- Kununua betri iliyokaa dukani muda mrefu. Inajimaliza hata ikiwa kwenye boksi, angalia tarehe yake.

6. UNAVYOKAGUA BILA KUSHIKA WAYA

Nenda ulipo ubao wa paneli, tazama taa. Kijani maana yake kwa kawaida ni umeme upo. Njano ni hitilafu, na hitilafu ya betri huwa inaonekana hapo. Mara nyingi paneli inalia pi-pi-pi, mlinzi anachoka na kelele, anabonyeza kitufe cha kunyamazisha. Kelele imeisha, tatizo lipo palepale. Kwa hiyo usisikilize, tazama. Njano ikiwaka, piga picha, mtumie mwenye jengo siku hiyohiyo.

Kisha omba jaribio. Wapangaji wote wajulishwe, fundi azime breka ya kengele mchana, aiache saa kadhaa kwa betri, halafu apige king'ora. Kama kinafifia baada ya dakika mbili tatu, betri hizo zimeshastaafu.

7. MASWALI YA KUMUULIZA MWENYE JENGO

- Betri zimefungwa tarehe ngapi? Mafundi wazuri wanaandika juu yake.
- Kengele ina breka yake, au inazimwa na meni swichi?
- Jaribio la mwisho la kuzima umeme lilifanyika lini?
- King'ora kikilia usiku, mlinzi anakisikia akiwa getini? Anajua kupiga 114 kuwaita Zimamoto?

Ukiwa peke yako utaambiwa "tutaangalia". Mkienda wapangaji sita na picha ya taa ya njano, anaita fundi. Betri mbili mkichangia ni hela kidogo kuliko boksi moja la mzigo wako.

Na kama stoo yako ni chumba cha nyumbani kisicho na mfumo wowote, nunua kitambua moshi cha betri, ufunge darini. Kikianza kulia mlio mfupi kila baada ya muda kidogo, betri inaisha, badilisha. Usiitoe ukaiweka kwenye kitu kingine.

Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na wenzetu wengi waliuona mtaji wa miaka ukiisha usiku mmoja. Kengele haizimi moto. Inachokupa ni dakika za mwanzo, wakati moto bado unazimika, na dakika hizo usiku zinabebwa na betri mbili ambazo pengine hujawahi kuziona.

Leo jioni kabla hamjashusha swichi, pita kwenye paneli utazame taa ni ya rangi gani. Halafu mtumie somo hili jirani yako wa stoo, maana moto wa kwake ndio moto wa kwako.