Bei ya bendi ya harusi: fedha zinakwenda wapi?

"Milioni 3 kwa saa 3 za muziki?" Swali hili halikosekani kwenye vikao vya kamati za harusi jijini Dar es Salaam, hasa michango ikiwa inasuasua. Anayeuliza anahesabu zile saa atakazokuwa amekaa ukumbini na soda yake mkononi.

Harusi ya saa 1 usiku inataka vyombo vifike alasiri. Spika zipandishwe, waya zitandazwe, kila maikrofoni ijaribiwe, kisha bendi ipige nyimbo mbili tatu ukumbi ukiwa mtupu ili fundi mitambo asawazishe sauti. Wageni wakiondoka saa 6, wanabendi bado wanakunja waya. Hapo hujahesabu mazoezi, maana bibi harusi huwa ana wimbo wake anaoutaka, na bendi huenda haijawahi kuupiga.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Bendi ina wanamuziki 12, mafundi mitambo 2 na dereva, na bei ni shilingi 3,000,000. Kukodi vyombo 900,000, gari na mafuta 300,000, chakula 150,000, fungu la bendi la kununulia nyuzi, kutengeneza spika na kulipia chumba cha mazoezi 300,000. Inabaki 1,350,000 kwa watu 15, yaani 90,000 kila mmoja. Ukikumbuka kwamba harusi nyingi huangukia Jumamosi, na mwezi una Jumamosi 4 au 5 tu, utaelewa kwa nini kiongozi wa bendi hakubali upesi kupunguza.

Taarabu asilia ina gharama zake. Makundi ya Zanzibar kama Ikhwani Safaa, lililoanzishwa mwaka 1905, au Culture Musical Club la mwaka 1958, ni orkestra kamili: ganuni, udi, fidla kadhaa, akodiani, besi, ngoma, waimbaji na waitikiaji. Ganuni peke yake ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na joto la pwani huzilegeza. Mpigaji hukaa akizikaza moja moja wakati wenzake wanakunywa chai. Ukiwaita Dar es Salaam, kuna boti kwenda na kurudi kwa watu wote hao, malazi na posho. Taarabu ya kisasa inaweza kuja na watu wachache, kwa kuwa kinanda kimoja hubeba sauti za vyombo vingi.

Kwenye taarabu kuna pia suala la kutunza. Wapo wenyeji wanaodhani noti watakazotunzwa waimbaji zitafidia sehemu ya bei. Msitegemee hilo, ulizeni mapema fedha za tunzo ni za nani.

Msimu nao una bei yake. Desemba, na Shaabani kabla ya mfungo wa Ramadhani, ndiyo miezi ya kugombania bendi. Ukiweza kuhamisha sherehe iwe Alhamisi au Jumapili, una nafasi nzuri ya kupata nafuu. Ukumbi wenye vyombo vyake nao unapunguza, ila fundi wa bendi avione kwanza. Kupunguza muda kutoka saa 4 hadi 3 hakusaidii sana: gari ni lile lile, spika ni zile zile. Afadhali upunguze watu. Gitaa, kinanda na mwimbaji mmoja wanatosha kabisa wakati wa chakula, kisha DJ achukue usukani.

Mkishakubaliana, andikeni. Saa ya kufika, muda wa kupiga, idadi ya wanamuziki, jenereta inaletwa na nani, malipo ya awali yatarudishwa au hayarudi sherehe ikiahirishwa, na kila saa ya ziada ni kiasi gani. Kama mmeipenda bendi kwa ajili ya mwimbaji fulani, jina lake liwemo, la sivyo anaweza kuja mwingine. Andikeni pia nani ataishika bahasha ya salio, kwa sababu saa 7 usiku mweka hazina wa kamati huwa ameshaondoka, simu imezimwa, na mpiga besi amekaa juu ya spika akimsubiri.